Siku Baba Alipoanzia Mlangoni

Sakafu ya nyumba yetu pale Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa ya udongo, na sioni aibu kusema hivyo. Siku hizi mtu akishamwaga saruji anadhani amemaliza kazi, kisha anaita wageni waje kutazama kitu cha kijivu. Sisi, katika miaka ile ya hamsini, tulikanyaga samaki, nyavu na mawimbi yaliyochorwa kwa mkono, na mgeni akiingia alitazama chini kwanza kabla ya kutusalimu. Wengine walivua viatu bila kuambiwa.

Mchoraji alikuwa nyanya yangu, mama yake mama. Aliishi Ubwari, ng'ambo ya ghuba, na kila kiangazi alikuja kwa mtumbwi akiwa na kikapu cha udongo mweupe ambao hakumruhusu mtu mwingine kuushika. Mama alitangulia kusiriba: udongo wa kichuguu, majivu na maji, akilainisha kwa kiganja chumba kizima. Juu yake nyanya alichora kwa vidole. Rangi nyeupe ni ile ya kwao, nyekundu tuliichimba kando ya njia inayopanda Fizi, na nyeusi ilikuwa makaa yaliyosagwa na kuchanganywa na utomvu wa mgomba. Vitone alivigonga kwa gunzi la muhindi. Alikuwa mkali kama pilipili. Ukimpitia karibu, kivuli chako kikaangukia kazi yake, ulifukuzwa wewe na kivuli chako.

Baba hakuwahi kuiona kazi hiyo ikifanywa. Alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka karibu na soko, mtu mrefu, msemaji, mwenye futi ya kupimia shingoni hata siku ya kanisa. Lakini kwetu mwanaume halali chini ya paa moja na mama mkwe wake, wala hamtazami usoni. Hiyo ni heshima, na baba aliishika kweli kweli. Nyanya akifika, baba alikunja mkeka wake akahamia kwa rafiki yake, na alirudi pale tu mtumbwi wa Ubwari ulipokwisha kuondoka. Hapo alisimama mlangoni, akatikisa kichwa akasema, "Mukwe wangu iko fundi kunipita." Salamu za kumshukuru zilipitia kwa mama.

Nyanya alifariki huko kwao, mwanzoni mwa mvua. Mama alivuka kwenda kumzika, na aliporudi macho yake yalikuwa makavu. Bamama wa jirani walikuja kulia naye, wakalia peke yao. Yeye aliwapa maji ya kunywa, akawashukuru, akaenda kumenya mihogo. Alipobaki nasi alisema jambo moja tu.

"Musikanyage pale katikati. Mupite kwa ukuta."

Pale katikati ndipo palipokuwa na mchoro wa mwisho wa nyanya. Basi tukaanza kuishi ukutani. Tulitoka chumbani tukiwa tumebana migongo kwenye tofali, tukala tumepanga mstari, na baba, kwa miguu yake ile mirefu, alipita akiwa amenyanyua sahani juu na kunung'unika chini chini. Wageni waliketi nje. Mdogo wangu, aliyekuwa hajamaliza hata meno ya utoto, alijifunza kutembea ubavu. Mimi niliona ni upuuzi na nilisema hivyo, nikakanywa na baba kwa jicho moja tu.

Lakini sakafu ya udongo haingoji huzuni ya mtu ipite. Isiposiribwa inapasuka, nyufa zinajaa vumbi, na ndani ya vumbi wanakaa funza wale wanaoingia vidoleni. Mvua zilipokwisha, mdogo wangu alianza kuchechemea. Mama alimweka kizingitini, akachukua pini, akamtoa funza mmoja baada ya mwingine, na yule mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Mama alipomaliza alikaa akitazama ile miguu midogo. Kesho yake asubuhi alileta udongo wa kichuguu, akapiga magoti, akasiriba chumba kizima, na samaki wa nyanya wakafunikwa wote.

Nilidhani sasa atachora. Alikuwa anajua, maana amekua akimtazama mama yake. Hakuchora. Chumba kilibaki na weusi mtupu, kisafi, bila kitu. Mama aliamka, akaenda shambani, akarudi, akapika, na maneno yake kwa siku ungeweza kuyafunga kwenye ncha ya kitenge. Alikuwa nasi, na hakuwa nasi. Nilimwogopa, na zaidi ya kumwogopa nilimtaka arudi. Baba naye aliacha kusema mengi, na nyumba ya fundi asiyesema ni ngumu kukaa.

Asubuhi moja mama alipokwenda kwenye mihogo, baba hakwenda kwenye cherehani. Alitutoa nje sote wawili. Mlango aliuacha wazi kwa ajili ya mwanga, kwa hiyo tuliona kila kitu. Alichukua kikapu cha udongo mweupe kilichobaki juu ya dari, akauloweka kwenye bakuli. Kisha akatoa chaki yake ya fundi, akapima sakafu kwa futi kama anayeikatia suruali.

Jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyeuza maandazi, alipita akasimama.

"Mwanaume kupaka udongo? Bantu batasema nini?"

"Acha baseme," baba alijibu bila kuinua kichwa.

Akaanzia mlangoni. Kwa nini asianzie mlangoni? Ndipo mgeni anapoingia, ndipo mwanga ulipo. Alichora akirudi nyuma kuelekea ndani, magoti kwenye udongo usio na kitu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Mimi niliona mapema anakoelekea, maana nyanya nilimwona miaka yote akianza ukuta wa nyuma na kurudi kinyumenyume hadi atoke nje makalio yakitangulia. Ningeweza kusema. Lakini baba alikuwa ameanza kupiga mluzi, na mluzi huo hatukuwa tumeusikia tangu mvua, basi nikanyamaza.

Samaki wake walifanana na mikono ya mashati. Nyavu zilikuwa zimenyooka kupita kiasi, na mawimbi yalikuwa pindo la gauni. Alifika kona ya mwisho, akasimama, akainua kichwa kutazama kazi yake. Tukamwona akiutazama mlango. Akatazama sakafu yote ile iliyolowa kati yake na mlango, kisha dirisha, ambalo paka tu ndiye angepita. Akaita jina la Mungu, kwa upole.

Alikuwa bado amesimama konani, mikono myeupe hadi kiwikoni, mama aliporudi na mzigo wa mihogo kichwani. Mama alifika kizingitini akasimama. Alitazama chini. Akamtazama mume wake kule konani.

"Mama batoto," baba alisema, "mi nilitaka tu..."

Mama alicheka. Alianza puani, kisha mzigo ukaanza kutikisika, ikabidi autupe chini, akashika mbavu, akacheka hadi jirani akatoka na kijiko cha maandazi mkononi. Na katikati ya kicheko hicho, bila kusimama, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, alimwita mama yake, aliketi kizingitini akajifunika uso kwa kitenge. Mdogo wangu akaingia mapajani mwake. Baba akainua mguu aje.

"Usikanyage!" mama akapiga kelele. "Kaa hapo hapo! Iko mubichi."

Mguu ukarudi. Mama akajifuta uso. Kisha akamwuliza, kwa sauti yake ya zamani, ya kuchokoza, "Weye nani alikufundisha kuanzia ku mulango?"

"Nitajua wapi? Siku zote nilikuwa natoka."

"Mama alikuwa anaanzaka kule nyuma."

"Sikuona. Hata uso wake sikuuona vizuri, mama batoto. Nilimwogopa kwa heshima miaka yote, na sasa amekwenda." Akachuchumaa pale pale. "Nielezee. Alikuwa namna gani?"

Na mama, kizingitini pale, akaanza kumweleza. Alimweleza jinsi mama yake alivyoimba vibaya na kujua kwamba anaimba vibaya. Jinsi alivyoficha ndagala, wale dagaa wakavu wa wajukuu, ndani ya chungu cha dawa ili watu wazima wasiguse. Jinsi alivyomsifu mkwewe kwa watu wote wa Ubwari, kwa mashati yake, wakati kwake hakumtamkia hata neno moja. Baba alisikia hilo akajipangusa macho, na uso ukabaki na udongo mweupe. Mimi nilichoma mihogo, nikamrushia kipande, akadaka. Mama aliendelea. Alilia tena, akacheka tena. Jirani alirudi kwenye mafuta yake.

Jua lilipita juu ya nyumba likaingia mlangoni. Nilinyoosha kidole nikagusa wimbi la kwanza, halafu nikasogea nikagusa la katikati. Pote palikuwa pakavu. Nilifungua mdomo niseme, na baba, kule konani kwake, aliniona. Alitikisa kichwa kidogo sana, akaegemea ukuta.

"Endelea, mama batoto," alisema. "Halafu ikakuwa aje?"