Mbwa Wanne wa Mama

Mama alifuga mbwa wanne wakubwa katika shamba letu la Nyansiongo, na hakuna aliyekula karibu na mwenzake. Mzee, dume mweusi mwenye sikio lililochanika, alikula kwenye ngazi za jikoni. Mke wake alikula chini ya tangi la maji. Wana wao wawili, wekundu, wenye vifua vipana kama ndama, mmoja alikula kwenye lango la ng'ombe na mwingine nyuma ya choo. Kila mmoja na sufuria yake iliyobonyea. Mama alimpakulia Mzee kwanza, akamalizia na yule wa nyuma ya choo, kisha akasimama katikati ya uwanja na mwiko mkononi kama refa mpaka sufuria ya mwisho irambwe. Hata Ijumaa jioni, alipokimbizana na jua ili Sabato isimkute jikoni, ugali wa mbwa ulisongwa kwanza, ndipo wetu.

Mimi nina shahada tatu. Nilitazama utaratibu huo kwa miaka mingi na nikaona ndani yake ukabaila mtupu.

"Mama, si uwatengenezee hori moja refu kama la ng'ombe? Utapumzika."

"Mwalimu," akasema. Aliniita mwalimu kila aliponiona mjinga. "Nyinyi mlikuwa watano, na kila mtu nilimpakulia sahani yake. Mlikula kwa amani?"

"Hapana."

"Na nyinyi mlikuwa mmebatizwa."

Alipougua akalazwa katika hospitali moja mjini Kisii, nikaomba likizo chuoni nikarudi nyumbani kutunza mbwa. Nilifuata utaratibu wake wote, hata mwiko nilishika. Kila alasiri nilipofika wodini, kabla ya kunieleza maumivu yamehamia wapi, aliniuliza, "Mzee amekula?"

"Anamuulizia mbwa," dada yangu alilalamika. Alikuwa ametoka kwake Marani na uji kwenye thamosi. "Mimi hata hajaniuliza kama nimefika salama." Kisha akaanza kupanga, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, jinsi wale mbwa watakavyogawanywa: mmoja kwake, mmoja kwa binamu yetu wa Nyaramba, wengine tutajua mbele ya safari.

Mama alifungua macho akanishika mkono wa shati. "Wasigawanywe," akasema. "Ng'ombe gawaneni, migomba gawaneni. Hao wamezoeana. Utawaweka pamoja?"

"Nitawaweka pamoja, Mama. Nimekuahidi."

Ilikuwa rahisi. Mtu aliyesimama kando ya kitanda cha mgonjwa huahidi chochote. Wiki hiyohiyo alifariki.

Watu walianza kuja nyumbani. Baba mdogo, aliyeongoza kamati ya mazishi, alinivuta pembeni. "Mwalimu, hawa mbwa. Watu wataogopa kuja kulia. Wafunge, kila mmoja mahali pake."

Niliona hiyo ni kazi kubwa. Minyororo ilikuwa miwili tu, na mmoja ulikuwa na kutu. Tena kulikuwa na kile chumba cha mawe alichoacha mzungu mwenye shamba wa zamani, alichokuwa akihifadhia maziwa: mlango mmoja, kufuli moja, dirisha dogo juu. Niliwaingiza wote wanne humo, na nikajiambia kwamba natimiza ahadi. Wamezoeana, alisema mwenyewe. Jinsi alivyowazoeza sikuikumbuka.

Siku mbili hazikuwa na neno, kwa sababu wakati wa chakula niliwatoa mmoja mmoja. Siku ya mazishi fahali alichinjwa alfajiri, na nikaona ni haki mbwa wake nao wale chakula cha matanga yake. Nilijaza beseni mifupa ya miguu, yenye nyama bado. Nilipaswa kumtoa Mzee kwanza. Lakini nilikuwa nimevaa suti. Nikamimina beseni lote kupitia dirishani na kwenda kusoma wasifu wa marehemu.

Wasifu ulikuwa kurasa sita. Niliuandika usiku wa siku tatu na niliupenda kupita kiasi. Nilikuwa ukurasa wa pili, kwenye ubatizo wake, makelele yalipoanza. Vichwa chini ya mahema viligeukia kile chumba cha mawe. Nikapandisha sauti. Baba mdogo alikuja akaninong'oneza sikioni, "Mwalimu, mbwa wanauana."

"Namalizia," nikamwambia.

Nikamaliza. Nilipofika ukurasa wa sita kulikuwa kimya kule nyuma, na kimya hicho nikakichukulia kuwa habari njema.

Tulifungua mlango baada ya maziko. Mzee alikuwa amelala palepale kizingitini, koo limefunguka, bado anapumua kidogo. Mke wake alikuwa amepanda juu ya meza ya saruji, anatetemeka. Wana walikuwa kila mmoja kwenye kona yake, na mmoja alikuwa amepoteza jicho moja. Mifupa mingi haikuguswa.

Dada yangu alipiga magoti na gauni lake jeusi, akamkandamiza Mzee shingoni kwa leso. "Uliwawekea chakula pamoja?"

"Ndiyo."

Aliendelea kukandamiza leso. Ningependelea anitukane. Mzee alikata roho mikononi mwake.

Sikuweza kuwaomba vijana waliotoka kuchimba kaburi la mama wamchimbie mbwa, kwa hiyo nilichukua jembe nikaenda pembeni mwa mahindi. Baba mdogo alinifuata.

"Mwalimu, mbwa hutupwa."

"Najua, baba mdogo."

Akaninyang'anya jembe. "Lete hapa. Unachimba kama mtu anayetafuta kalamu."

Wale ndugu wawili hawakuweza tena kuonana. Nilijaribu minyororo, nilijaribu ua wa mabati, nilisimama na mwiko mpaka mkono ukafa ganzi. Wakisikiana tu harufu, walirukiana. Mwisho wa mwezi nilimpigia dada yangu simu, naye akaja akamchukua yule wa jicho moja. Hakunikumbusha kwamba ndivyo alivyopanga tangu mwanzo. Jike, mama yao, angebaki nami.

Kesho yake binamu alifika kutoka Nyaramba na pikapu yenye magunia ya mbegu za viazi. Nilikuwa nimeandaa kipande cha nyama cha kumbembelezea yule mwekundu wa pili, na kamba ya kumvutia ikishindikana. Nilipofungua tu nyuma ya gari aliruka mwenyewe, akatafuta nafasi kati ya magunia, akaketi akitazama barabara.

"Huyu alikuwa amechoka na nyinyi," binamu akacheka. Kisha akaona uso wangu, akashusha sauti. "Usijali, ndugu yangu. Kwangu kuna nafasi, na hakuna mbwa mwingine. Mama mkubwa angefurahi."

Nikamwambia ndiyo, angefurahi, na nikamfungulia lango.