Mama wa Amerika Sebuleni kwa Biasha

Mimi nauza mafuta ya mawese, Biasha anauza mitumba, meza zetu zinagusana hapa soko la Rumonge. Kwa hiyo nikisema huyu mama iko na kichwa ngumu, najua ninachosema. Nampenda, lakini kichwa ni ngumu kabisa.

Siku moja alifungua balo ya makoti, yale anayouzia watu wa Bugarama kwenye baridi, akakuta picha mfukoni. Mama wa kizungu, gauni jeusi limemfika kidevuni, mume na ndevu zake, watoto watano. Nyuma imeandikwa Ohio, 1884. Mtu mwingine angeitupa. Biasha akanunua fremu, akamtundika sebuleni, akamwita Mama wa Amerika.

Wee, halafu akaanza kumpa na maisha! Eti mume ni mlevi, angalia macho. Eti yule binti mkubwa ndiye aliyelea wadogo zake. Eti mikono ile imefua nguo za watu kwenye maji ya barafu. Wateja walisimama kumsikiliza, mawese yangu yakabaki. Ukimuuliza amejuaje, anakujibu kwamba mama ni mama, utamjua tu.

Mwaka huu binti yake Fahima akapata mchumba, kijana anaitwa Hakimu, wa Buyenzi kule Bujumbura. Shangazi wa Hakimu ndiye wa kuja kutuangalia, na sifa zake zilimtangulia: mtu wa dini, hataki picha za watu ukutani, na posa moja aliivunja kwa sababu ya kikombe kichafu. Fahima akalia, akamwomba mama yake amfiche yule mzungu siku hiyo moja tu. Biasha akakataa katakata. Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia ataharibu harusi ya mutoto kwa ajili ya mtu hata hamujui. Akaendelea kukunja makoti yake.

Wageni wakafika. Shangazi akakaa, chai hakuigusa.

"Yule ni nani wenu?"

"Si wetu," Biasha akasema. "Tulipokimbia vita, sanduku letu lilibaki ufukweni Kabonga, na picha ya marehemu mama yangu ndani. Ilikuwa hiyo moja tu. Sasa sura yake inanipotea. Huyu naye amepotea kwao. Nimemuweka, nikisema labda na wangu kuna mtu amemuweka."

Miaka yote hiyo meza zinagusana, hakuwahi kuniambia.

Shangazi akaitazama picha, akaitazama tena.

"Mama yako aliitwa nani?"

"Aisha binti Shabani."

Shangazi akainua mikono, na sisi tukainua, tukamsomea Fatiha Aisha binti Shabani, Mama wa Amerika akitutazama.

Tulipomaliza, yule shangazi akavuta kikombe chake, akaomba sukari.