Pigo Lililopendeza

Hospitali nzima ilimwita Fundi Moyo. Jina hilo alibandikwa na wafagizi, naye akalikubali bila kinyongo. Kazi yake ilikuwa kupiga picha mioyo ya watu wanaongoja kubadilishiwa vali, vilango vya damu ndani ya moyo: anapaka jeli kifuani, anakandamiza kifaa kati ya mbavu, macho kwenye skrini. Wengi hukimbilia upande wa kushoto, maana ndiko vali mbovu iliko. Yeye hakumwachia mtu mpaka apime na wa kulia, unaosukuma damu mapafuni. Vali hata iwe mpya namna gani, upande huo ukiwa hoi mgonjwa anaweza kushindwa kutolewa kwenye mashine inayoshika kazi ya moyo wakati wa upasuaji, pale pale mezani.

Moyo uliochoka haupigi sawasawa. Pigo moja linanyanyua ukuta wa moyo vizuri, linalofuata linajikokota. Kwa hiyo hupimwa mapigo matano yanayofuatana, ukachukuliwa wastani. Kuchagua lililopendeza ni dhambi ya wapimaji, na wasioijua ni wachache.

Siku moja akaletwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Fundi Moyo alitaka mwenzake ampime. Mama akang'aka.

"Nikavue nguo mbele ya mtu baki, na mwanangu yupo?"

Akalala kiubavu, mdomo haupoi.

"Vuta pumzi, mama. Toa. Shikilia hapo hapo."

"Nikishikilia sana nitakufa kabla ya hao madaktari wako."

Mapigo manne yakajikokota. La tano likaruka vizuri ajabu, na mama, aliyekuwa ameikodolea skrini macho, akaliona.

"Hilo! Si uandike hilo?"

Mkono wa Fundi Moyo ulisita. Alijua akiandika hilo, mama atapasuliwa wiki ile ile kama alivyotaka. Alimpenda, na aliogopa. Akaandika wastani.

Madaktari wakaahirisha upasuaji: kwanza dawa za kupunguza maji mwilini na kushusha presha ya mapafu, halafu apimwe upya. Mama alikwisha kufunga begi.

"Ningekuwa nimekuzaa mwenyewe," alisema, "ungeandika lile zuri."

Iliuma, tena sana. Fundi Moyo alitoka akanawa mikono ambayo haikuwa na jeli.

Aliporudi kupimwa, mama alimtaka yule mpimaji mwingine. Upande wa kulia ulikuwa umepata nguvu. Akapasuliwa, na alipotolewa kwenye mashine moyo ukashika kazi bila matata.

Baada ya siku chache Fundi Moyo alimkuta wodini ameketi, anampa maneno mgonjwa wa kitanda cha jirani. Midomo yake ilikuwa imerudia rangi yake, wala hakuwa akihema tena.

"Na huyu ni nani wako?" jirani akauliza.

Mama akamtazama kidogo.

"Huyo? Ni mpimaji wa hapa hospitali."

Fundi Moyo akamwamkia jirani, akamwekea mama mto vizuri mgongoni, akarudi kazini.