Hadubini ya Kuazima

Mpaka leo nikipita karibu na bucha natema mate. Nyama haina kosa. Kosa ni la gazeti la shule.

Nilikuwa nikifundisha biolojia katika shule moja ya binafsi hapa Lubumbashi. Kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyejua kompyuta, prefe, yaani mkuu wetu, alinipa kazi ya kutengeneza jalada. Nilitaka kuweka mchoro wa mwanafunzi. Prefe alikunja uso kama aliyemeza kwinini.

"Prof, michoro ni ya batoto badogo ba maternelle. Bazazi banatafuta laboratoire."

Laboratoire, yaani maabara, hatukuwa nayo. Tulikuwa na chumba cha mafagio na madawati yaliyovunjika. Prefe hakuona shida. Aliazima hadubini kwenye zahanati ya jirani, ile ya kupimia choo cha wagonjwa, na makoti meupe akayaazima kwa wauza nyama wa sokoni. Makoti yalikuja yakinuka damu iliyolala, na nzi wakayafuata mpaka ndani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sisi tulijitembeza pamoja na nzi wetu.

Wa kupigwa picha nilimchagua mwenyewe, msichana wa mwaka wa nne. Darasani nilikuwa na sheria moja: andika kile macho yako yameona, usiandike kile kitabu kinasema utaona. Siku nilipowapa lenzi watazame ganda la kitunguu, wenzake wote walinakili kitabu. Yeye aliandika, "Nimeona mistari tu." Nilimpa alama zote. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, huyo ndiye aliyenisikia.

Alivaa koti, akakunja mikono ya koti ili doa lisionekane, akainama juu ya hadubini. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

"Prof, iko giza tu mundani," alisema.

Prefe akapiga makofi. "Cheka, mutoto! Cheka kama unaona kintu!"

Msichana aliniangalia mimi. Alikuwa anangoja niseme neno. Nikainua simu, nikamwambia, "Cheka kidogo tu." Akacheka, nikapiga picha.

Kesho yake nilikaa mbele ya kompyuta nikifuta nzi kwenye picha. Walikuwa saba, mmoja kwenye kola, karibu na mdomo wake. Nilifuta na doa jingine la damu, la kifuani. Mafagio ya nyuma niliyafunika kwa jina la gazeti. Jalada lilipendeza, na hilo ndilo linalonichefua zaidi, kwamba kazi ile niliifanya vizuri.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu ilifika mpaka Pweto, mji wa mbali wa ziwani. Mwanzo wa mwaka uliofuata alikuja mama mmoja kutoka huko, mchuuzi wa samaki wakavu, amemshika binti yake mkono. Gazeti letu alilifunga kwenye plastiki lisishike harufu ya samaki. Alitaka mtoto awe daktari, na kabla ya kumwandikisha alitaka kuiona ile mashine ya kwenye jalada. Prefe akamjibu bila kupepesa macho kwamba iko kwa fundi.

Wakati huohuo yule msichana wa jalada alikuwa anakatiza uwanjani. Mama akamtambua, akamwita kwa furaha.

"Eh, ni weye kweli! Mule mundani uliona nini?"

Nilisimama pale nikimwomba kimoyomoyo aseme giza. Angesema giza, yule mama angemchukua binti yake na kwenda zake, prefe angenifukuza kazi, nami ningekuwa bado na mwanafunzi mmoja aliyenisikia. Msichana aliniangalia, vilevile kama siku ile. Nami nikaliangalia lile gazeti kwenye plastiki.

"Niliona bintu mingi, mama," akasema. "Cellules, microbes, yote." Yaani seli na vijidudu, kama kitabu kinavyosema.

Akacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha kwenye jalada, safi, hakina nzi hata mmoja.