Bakuli Lililorudi Zito

Mama yule alikuwa jirani yangu, muuza unga wa mahindi hapa Lubumbashi, katika mtaa uitwao komuni ya Kenya. Kijana wake alikamatwa mji wa Kambove kwa wizi wa waya wa shaba, akaletwa gerezani Lubumbashi, na tangu siku hiyo jaji hakumtia machoni. Mimi nilikuwa asistani wa profesa wa sheria aliyekuwa akifanya utafiti juu ya hao hao wanaooza ndani bila kuhukumiwa. Nilipotoka kumhoji kijana, alikuwa na homa, anatetemeka. Mama akanishika mikono. "Mwalimu, sasa batamutosha mu gereza, arudi nyumbani?" Nikamwambia utafiti si mahakama. Wapi! Hakusikia. Na mimi pia nilitumaini, mjinga mimi.

Kwetu mfungwa hulishwa na nduguze. Mama alipika bukari, ugali wa unga wake, na sombe ya majani ya muhogo, akafunga bakuli kwa kitambaa, akampa mlinzi langoni, akangoja. Bakuli likirudi tupu, alicheka. "Amekula. Mutoto iko muzima."

Siku ya kuwasilisha utafiti, ukumbi ulijaa suti na chupa za maji. Kijana alikuwepo kwenye jedwali lililomulikwa ukutani, lakini kwa namba na homa yake tu, kwa sababu kanuni za utafiti zinakataza majina. Hakimu mmoja mkubwa akasimama. "Huyu mwenye homa, nipeni jina lake, leo hii atoke." Profesa akajibu kwa upole kwamba tuliahidi kuficha majina. Kuficha! Kumficha nani, jamani, mtoto ambaye mama yake anamlilia sokoni kila kukicha? Nikasimama, nikalitaja jina lake kwa sauti. Profesa akanivuta koti. Hakimu akatabasamu. "Sawa, tutaliangalia baada ya chakula."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tulikula kuku, na tuliporudi ukumbini hakimu alikuwa ameshaondoka.

Kesho yake nilimsindikiza mama gerezani, kwa kuwa sikuwa na uso wa kumwacha aende peke yake. Bakuli lilirudi upesi mno. Mama akalipima mkononi, lilikuwa zito, kitambaa hakijafunguliwa. Mlinzi akatazama chini.

"Pole, mama. Alikufa jana muchana."

Jana mchana. Nilitamani ardhi inimeze. Mama hakulia. Alilikumbatia lile bakuli, bado lina moto, akanigeukia.

"Mwalimu, ulibaambia bale bakubwa jina yake?"

"Nilibaambia, mama."