Vizunguko vya Uzi Mwekundu

Hadithi hii inanionyesha mjinga. Nimejaribu kuisimulia kwa njia nne ili mjinga awe mtu mwingine, lakini kila nikifika mwisho namkuta ni mimi. Basi mwanangu, kaa nikwambie. Najua sina mtoto bado, na ndevu zangu zinahesabika, lakini nikingoja mpaka nizae na nizeeke nitakuwa nishajigeuza shujaa. Bora uisikie ingali na aibu yake.

Nakumbuka siku moja, nina miaka kumi na tisa, nashona kofia za viua hapa Malindi na shangazi yangu Bi Zuhura. Kofia ya viua ni ile yenye matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi. Tundu moja likikosa kulingana na wenzake, shangazi huifumua kofia nzima mbele ya wateja. Shule niliishia darasa la saba. Sindano sikuiacha.

Siku hiyo akaingia mzungu mzee aliyepanga nyumba jirani yetu, anaandika kitabu. Tulimwita Profesa. Alisomesha Dar es Salaam zamani, na Kiswahili chake kilikuwa na adabu kuliko changu. Mikono ilimtetemeka, hata kikombe alikishika kwa miwili.

"Bi Zuhura," akasema, "nataka fundi wa uzi. Mwenye mkono uliotulia, na subira."

"Mkono anao huyu," shangazi akanionyesha. "Subira tutamwazima."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Profesa alikuwa na fremu ya mbao, kama sanduku lililotolewa pande zote likabaki mifupa. Ndani yake nipitishe uzi mwekundu, na kila penye kupinda niuvute kwa mshipi wa kuvulia, ule mwembamba usioonekana. Yeye ananisomea nambari kwenye makaratasi yaliyotoka kwenye kompyuta huko kwao: kushoto tatu, juu saba, nyuma mbili. Uzi wote uwe unene mmoja. Na pasiwe na ncha inayoning'inia: ama uzi uanzie kwenye mbao uishie kwenye mbao, ama ujifunge wenyewe kama pete.

"Ni nini hii, Profesa?"

Akanieleza. Kuna gesi inaitwa heli, ile ya kujazia maputo. Ukiipoza kupita baridi yote unayoijua, inakuwa maji. Ukizidi kuipoza, maji yale yanaacha kukwaruzana, yanapita popote bila kusuguana na kitu. Chai yako ukiikoroga, katikati kunafanyika kizunguko kimoja, na ukizidisha mkono kinazidi ukubwa. Maji ya heli hayataki hivyo. Yanatoa vizunguko vyembamba kuliko uzi wowote, vyote nguvu sawa. Ukiyazungusha zaidi, vizunguko havikui. Vinaongezeka idadi tu.

"Kama watoto wa Famau," nikasema.

Profesa alicheka. Famau, muuza kahawa wa mlango wa pili, hakucheka.

Akanionyesha na picha: chombo cha maji hayo kinazungushwa polepole, imepigwa kutoka juu. Vitone vyeupe vimejipanga, kila kimoja na mwenzake umbali sawa. Wallahi mwanangu, ilikuwa kofia ya viua! Nikaipenda. Profesa akaendelea kueleza mambo mengine, lakini mie nilikuwa nishatosheka, niko kwenye kumtania Famau.

Tukafanya kazi wiki tatu pale nje kwetu. Nambari zake hazikutoa ile picha hata kidogo. Uzi unapanda, unageuka, unapenya chini ya mwenzake, unarudi, kama nywele za mtu aliyeamka na homa. Wapita njia wakapata burudani.

"Athmani, buibui kakuajiri?"

"Kofia ya jini gani hiyo, mwenye kichwa hicho?"

Famau naye akalipiza. "Mwacheni. Shangaziye kamfunza kupanga uzi miaka saba. Kuuvuruga kajifunza mwenyewe kwa wiki tatu."

Hilo liliniingia. Nikaanza kufikiri: mzee huyu mikono inamtetemeka, bila shaka na makaratasi yamemchanganyikia. Anachotaka ni kile cha kwenye picha, ila hajijui.

Na fremu ile ilikuwa inasafiri Jumamosi. Nairobi kulikuwa na walimu wenzake waliokuja kukutana, wengi wao hawaamini anayoyaandika. Profesa alisema maneno yamemwishia. Sasa anataka waone kwa macho. Alishakuwa mzee, mkutano mwingine hakuutegemea.

Ijumaa, kazi imekwisha, shangazi kaenda arusini Mambrui, nikaifumua yote. Nikapanga uzi upya, wima kutoka chini hadi juu, kila mmoja na mwenzake umbali sawa. Kazi safi, mwanangu. Hata Famau alisimama akaitazama akasema, "Haya, hii sasa ni kazi ya mtu."

Asubuhi saa tatu Profesa akaja kuichukua. Akaizunguka mara moja, kisha akakaa mkekani.

"Iko wapi kazi yangu?"

"Nimekunyooshea, Profesa. Tazama, kama picha."

"Hii ni maji yanayozunguka kwa utulivu. Hii wote wanaijua, Athmani. Mimi nilikuwa nawapelekea vurugu."

Akanieleza tena, polepole, yale yaliyonipita siku ya kwanza. Maji yale ukiyavuruga, vizunguko vinafungamana vyote. Na kwa kuwa hayakwaruzani, wenzake wanamuuliza, vurugu hiyo itatulia kwa nini? Yeye anawajibu: nyuzi mbili zikigusana zinakatika, zinabadilishana mikia, kila mmoja unaondoka na nusu ya mwenzake. Zinakatana hivyo, vipande vinazidi kuwa vidogo, mpaka vurugu inajimaliza. Nilichokifumua mimi ndicho kilichokuwa kinamjibia.

Shangazi akarudi na buibui lake, akatutazama, akatazama fremu. Hakupandisha sauti.

"Alikwambia unyooshe?"

"La, shangazi."

"Ulimuuliza kama anataka kunyooshewa?"

"La."

"Basi hukumtengenezea yeye. Ulikuwa unawatengenezea wapita njia." Akamgeukia Profesa. "Basi lako saa ngapi?"

"Saa nane."

"Kazi ya wiki tatu haitorudi kwa asubuhi moja. Chagua pahali pamoja."

Profesa akapekua makaratasi, akatoa moja. Ni pale penye nyuzi mbili zinazogusana, na kando yake zile zile zishabadilishana mikia. Tukazifumua nyuzi zangu za wima zote, kisha Profesa akasoma nambari, shangazi akashika upande huu, mie upande ule. Famau akaleta kahawa, akabaki kutukatia uzi. Saa saba u nusu tukafunga kona moja. Sehemu yote iliyobaki ya fremu ilikuwa tupu. Profesa akaondoka nayo imefungwa kwenye leso ya shangazi, hakuniaga.

Nasaha yangu basi, mwanangu, ni hii. Mtu akikupa kazi ukaiona mbaya, muulize kabla hujaipendeza. Huenda ubaya ule ndio alioutafuta miaka yote. Na akikueleza jambo, msikilize mpaka amalize, hata kama umeshapata sehemu uliyoipenda. Mungu akupe mkono uliotulia na sikio lenye subira, akukutanishe na watu wakali wanaokujali, na kosa lako alifichue mchana, pakiwa bado na saa za kushona.

Profesa alirudi baada ya wiki mbili. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa mkekani. Kisha akasema:

"Walibishana pale mpaka chai ikapoa. Wote walitazama kona ile ile, maana hapakuwa na pengine pa kutazama." Akanyanyuka. "Na usidhani nakushukuru."