Ridhaa ya Mama wa Machame

Mimi ni mtu wa nyumbani. Watu wenye adabu huishia hapo. Mke wangu huongeza kwamba hata posta huenda yeye kwa niaba yangu. Nyumba yenyewe ipo Moshi mjini, ya vyumba vitatu, na kwa miaka kumi na moja tulikuwa wapangaji humo. Basi mwenye nyumba alipokuja kutuambia kwamba anaiuza, na kwamba tukishindwa sisi yupo mtu mwingine anayetaka kuibomoa mwisho wa mwezi ajenge gesti, sikuwaza urithi wa watoto. Niliwaza kuhama. Niliwaza kabati la sebuleni, ambalo liliingia kabla mlango haujawekwa.

"Tunanunua," nikasema. Mke wangu alikuwa bado anamkaribisha mzee chai.

Mwenye nyumba ni mzee wa Machame, lakini siku hizi anaishi Kahe akilima mpunga. Shauri lake lilikuwa jepesi: tuandikiane kwenye karatasi, kila mmoja alete shahidi, tunywe soda, yaishe. Mimi niliona sawa kabisa. Jambo lolote linaloweza kumalizika bila kuvaa viatu mimi huliona sawa kabisa.

"Karatasi ya daftari?" mke wangu akauliza. "Hata mbuzi wa kipaimara tuliandikiwa risiti."

Ndiyo tukaenda kwa wakili, dada mmoja mwenye ofisi juu ya duka la mafundi simu. Nilikwenda na maswali yangu, yale ambayo kila mtu huyauliza akidhani ni wa kwanza kuyafikiria.

"Dada, wakili wa nini wakati muuzaji namfahamu miaka kumi na moja?"

"Unamfahamu yeye. Hati yake unaifahamu?"

"Nimewahi kuiona."

"Uliisoma?"

"Niliiona kwa mbali."

Akaandika kitu. Nikauliza kama hawezi kutusimamia wote wawili, mimi na mzee, tukapunguza usumbufu. Akaniuliza siku tukigombana yeye akae upande gani. Nikauliza hati yenye jina langu itatoka lini. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa wa sukari anayeuliza habari za pombe ya mbege.

Alifanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, na majibu yakarudi safi: nyumba ni ya mzee, haina mkopo wa benki, haina kesi. Nilikwishaanza kujipongeza. Ndipo wakili akamgeukia mzee, aliyekuwa ameitwa ofisini siku hiyo, na kumuuliza kama ana mke.

"Yupo, Machame."

"Nyumba mliijenga mkiwa mmeoana?"

"Ndiyo."

"Basi lazima mama aridhie kwa maandishi."

"Hiyo nitasaini mimi. Mimi ndiye kichwa cha nyumba."

"Kichwa baki nacho, mzee. Sheria inataka mkono wa mama."

Mzee akakohoa. Ikabidi aseme. Yeye na mkewe hawajasemezana tangu Jumapili ile alipouza ng'ombe wa maziwa wakati mama yuko kanisani. Ndiyo sababu ya Kahe. Mpunga ulikuja baadaye.

"Huyu kijana aende," akasema, akininyooshea kidole. Kijana ana miaka arobaini na tisa na goti bovu. "Aende na fomu, na isale. Amwambie ninaomba radhi."

Kwetu Uchagani ukimkosea mtu, unampelekea jani la isale lililofungwa fundo, au unamtuma mtu alipeleke, na aliyekosewa hawezi kukataa kusikiliza. Ni dawa ya zamani na haina masharti mengi. Wakili akaniwekea fomu ya ridhaa kwenye bahasha, na isale nikaachiwa nilitafute mwenyewe.

Nililikumbuka nimeshashuka kwenye bodaboda, hatua hamsini kutoka kwa mama. Sikufadhaika. Kandokando ya njia masale yalikuwa yamesimama kwa mstari, ya bure, mabichi. Nikachagua jani zuri, nikavuta. Ilikuwa masika na udongo laini. Likaja jani, likaja shina, ikaja mizizi na bonge la udongo.

Hapo ndipo mama alipotokea na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Kumbe hakukaa bila ng'ombe, alinunua mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshika nini?"

Nikamweleza kwamba ni radhi, kutoka kwa mzee. Hakuniangalia mimi. Aliangalia shimo.

"Huo ni mpaka wangu na shemeji yangu," akasema. "Tumekalishwa na ukoo mara tatu kwa ajili ya mche huo."

Mchaga yeyote, hata wa mjini, anajua kwamba masale yaliyosimama kwa mstari ni mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na kwamba afadhali ung'oe jino la mtu. Mimi nilikuwa najua. Nikainama haraka niurudishe.

"Acha! Unapanda mpaka bila shahidi? Wewe umesoma?"

"Kidato cha nne, mama."

"Inaonekana."

Tukamngoja shemeji. Alikuja, akalitazama shimo kutoka pande zote, akarudi nyumbani kwake kuchukua miwani, akalitazama tena. Nikaurudisha mche mbele yao, nikiwa nimepiga magoti kwenye tope, nao wakiniambia kushoto kidogo, kulia kidogo. Wakili wangu mjini hakuwahi kunikagua hivyo.

Shemeji alipoondoka, mama akanawa mikono, akaniletea bakuli la mtori, akaketi.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "ameuza ng'ombe wangu. Sasa ananiomba radhi kwa isale langu."

Nikatoa fomu. Ilikuwa kwa Kiingereza. Akaniambia nimsomee kwa Kiswahili, nikasoma, na palipokuwa pagumu nilipita kwa mwendo wa kasi.

"Hapa unasema umeridhia kwa hiari yako, bila kushurutishwa."

"Nimeridhia lini?"

"Bado. Utakuwa umeridhia ukisaini."

"Kwa hiyo inasimulia jambo ambalo halijatokea. Na hapo uliporuka?"

Akaikunja, akanirudishia. Hakukataa kuuza. Alisema atashuka mwenyewe kwa wakili, karatasi iwe ya Kiswahili, mzee awepo, na jani alete lake, la kutafuta kwa miguu yake.

Zilibaki siku nne mwezi uishe. Siku ya pili wote walikuwa pale ofisini. Mzee alikaa na isale magotini, limefungwa fundo vizuri, kama mwanafunzi aliyeambiwa aje na mzazi. Mama alilipokea, akalitia kwenye mkoba. Kisha akasoma karatasi yote, na nyuma yake ambako hakukuwa na kitu.

"Kokoto za msingi wa nyumba hii nilizibeba kwa kichwa," akasema. "Sikatai iuzwe. Lakini nilikuwa nimepanga kwamba nikishazeeka kabisa, siku zangu za kliniki nitakuwa na pa kukaa mjini. Mmenipangia wapi?"

Mzee alitazama dari. Wakili alisema hilo si sharti la mauzo, ni ahadi baina yetu. Mimi nikasema chumba cha mbele ni chake siku yoyote ya kliniki. Mke wangu akanikanyaga mguu. Baadaye alisema alikuwa anakubali.

Mama akasaini, herufi moja moja, bila haraka.

Sasa anakuja kila mwezi. Chumba cha mbele hakitaki. Anakaa kwenye kiti changu, karibu na dirisha. Mara ya mwisho sikuwa nimemaliza kumwamkia.

"Hati imetoka?"

"Bado, mama. Wanasema ipo mezani."

"Meza ya nani?"

Nikakoroga chai yangu.

"Umefuatilia lini?"

Nikaanza kuhesabu wiki. Akaninyooshea mkono akitaka kikombe changu cha chai.

"Lete. Nenda sasa hivi, kabla na wao hawajaenda kunywa. Nyumba nitailinda mimi."

Mke wangu alikuwa ameshaleta viatu.